Upepo na Ukuta Katika Mchezo wa Besiboli

Tuanze na habari ya mipira miwili iliyopigwa katika uwanja mmoja, siku moja, na watu wawili wasiofanana kwa bahati. Siku yenyewe ni tarehe 29 Septemba 1954. Mji ni New York, huko Marekani. Na uwanja uliitwa Polo Grounds. Timu ya Giants, wenyeji wa New York, ilikuwa ikishindana na timu ya Indians iliyotoka Cleveland, na huo ulikuwa mchezo wa kwanza wa fainali ya mwaka. Watu wa Cleveland walikuja na sifa kubwa, maana mwaka ule walikuwa wameshinda michezo 111, na katika ligi yao hapakuwa na timu iliyowahi kupata ushindi mwingi namna hiyo.

Mchezo ukafika zamu ya nane, kila upande una pointi 2. Wachezaji wawili wa Cleveland walikuwa wamekwisha kusimama vituoni, wakingoja mwenzao awapeleke nyumbani. Akaja Vic Wertz, mtu mwenye nguvu, akaupiga mpira kwa gongo lake, nao ukaruka kuelekea katikati ya uwanja, mbali kabisa, kadiri ya mita 130. Katika viwanja vingine vingi vya wakati ule mpira kama huo ungevuka ukuta, na Cleveland wangepata pointi 3 palepale. Lakini Polo Grounds ulikuwa uwanja mrefu na mwembamba: toka kibao cha mpigaji hata mwisho wa uwanja, kwa upande wa katikati, ni mita 147. Willie Mays, kijana wa miaka 23 aliyekuwa mlinzi wa upande ule, akaupa mpira mgongo, akakimbia kuelekea ukutani, akaudaka juu ya bega lake pasipo kusimama. Wertz akatoka, na Cleveland hawakupata kitu katika zamu ile.

Ikaja zamu ya kumi. Safari hii wenyeji ndio waliokuwa na watu wawili vituoni. Kocha wao akamwita Dusty Rhodes, ambaye alikuwa amekaa benchi, apige badala ya mwenzake. Rhodes akaupiga mpira juu, upande wa kulia. Haukwenda mbali: mita 80 hivi, wala si zaidi sana. Kumbe upande ule, penye mstari wa pembeni, ukuta ulikuwa mita 79 tu kutoka kibao! Mpira ukaangukia katikati ya watazamaji, Giants wakapata pointi 3, mchezo ukaisha 5 kwa 2. Wakashinda na michezo mitatu iliyofuata, fainali ikafungwa.

Mmeona? Aliyepiga mita 130 hakupata kitu, na aliyepiga mita 80 alibebwa na wenzake kama shujaa. Wertz siku ile alikuwa amepiga vema mara nne katika mara tano. Lakini watu humkumbuka kwa ile moja iliyodakwa. Je, tuseme Rhodes alikuwa mpigaji bora kuliko yeye? Au tuseme uwanja ndio uliocheza?

Sheria iliyoacha mlango wazi

Kwa wale wasioujua mchezo huu, tueleze kwa maneno machache. Mrushaji huutupa mpira kwa nguvu. Mpigaji husimama penye kibao akiwa na gongo la mti. Akiupiga, hukimbia kupitia vituo vitatu, na akirudi salama penye kibao, ambapo wenyewe hupaita nyumbani, timu yake hupata pointi moja. Walinzi wakiudaka mpira kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka. Lakini mpira ukivuka ukuta kwa juu, baina ya mistari miwili ya pembeni, hakuna wa kumzuia tena: mpigaji huzunguka vituo vyote polepole, na wenzake waliokuwa vituoni huingia mbele yake. Pigo hilo huitwa homurani, nalo ndilo linalowainua watazamaji vitini.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Katika kandanda, lango ni lilelile kila mahali duniani, upana mita 7.32 na urefu wa kwenda juu mita 2.44. Katika besiboli pia sehemu ya ndani ya uwanja imepimwa barabara: toka kituo hata kituo ni mita 27.43, na toka kwa mrushaji hata kwenye kibao ni mita 18.44. Hapo hakuna mchezo. Lakini ukuta wa nje, ule ambao kwa huo pigo huhesabiwa kuwa homurani au kuwa bure, sheria iliuacha karibu huru. Ni kwa sababu viwanja vya zamani vilijengwa katikati ya miji, kati ya barabara na nyumba za watu. Mjenzi alipewa kipande cha ardhi kama kilivyo, pembe yake ikiwa imekatwa na njia ya gari la moshi au na kiwanda, naye akapitisha ukuta pale ulipoweza kupita. Hata ilipotungwa sheria kwamba viwanja vitakavyojengwa baada ya tarehe 1 Juni 1958 viwe na mita 99 pembeni na mita 122 katikati, vya zamani viliachwa, na vipya kadhaa vikapewa ruhusa ya kupunguza.

Mfano ulio hai ni Fenway Park, uwanja wa Boston, uliofunguliwa mwezi wa Aprili 1912 na ambao unatumika hata leo. Upande wa kushoto kuna barabara karibu mno, basi ukuta ukawekwa mita 94.5 tu kutoka kibao. Na kwa kuwa ni karibu, ukainuliwa mita 11.3 kwenda juu. Mwaka 1947 ulipakwa rangi ya kijani kibichi, na watu wakauita Zimwi la Kijani. Zimwi hilo lina tabia mbili. Mpira wa juujuu, ambao kwingine mlinzi angeudaka bila taabu, hapa huukwaruza ukuta au kuuvuka kabisa. Lakini mpira uliopigwa kwa nguvu sana, ukaruka chini kama mshale, ambao kwingine ungetoka nje ya uwanja, hapa hugonga ukuta na kurudi. Mpigaji aliyedhani amepata homurani huishia kituo cha pili. Ukuta mmoja humpa yule na kumnyang'anya huyu.

Wenye timu nao si wajinga. Ted Williams, mpigaji mkuu wa Boston, alikuwa akipiga kwa mkono wa kushoto, na mipira yake ilielekea upande wa kulia, mahali ambapo Zimwi halimsaidii. Baada ya mwaka wake wa kwanza, yaani mwaka 1940, timu ikajenga mbele ya viti vya upande wa kulia mahali pa warushaji kujizoeza, na hivyo ukuta ukasogea karibu naye kwa mita 7. Huo si ukuta uliowekwa na barabara. Ni ukuta uliowekwa kwa ajili ya mtu mmoja!

Na kule Los Angeles? Timu ya Dodgers ilipohamia huko mwaka 1958 haikuwa na uwanja wake, ikacheza katika uwanja mkubwa wa riadha ambao ulikuwa umepokea Michezo ya Olimpiki ya 1932. Uwanja wa mbio hauna umbo la kufaa besiboli. Upande wa kushoto viti vilianza mita 76 na nusu kutoka kibao, nao wakatundika wavu wenye urefu wa zaidi ya mita 12 ili kila mpira usiwe homurani. Mwaka 1959 akaja Wally Moon, mpigaji wa mkono wa kushoto, ambaye kwa kawaida angepiga kulia. Alipouona ule wavu alijizoeza kuubadili mkono wake, akawa anaupeleka mpira juu upande wa kushoto, ukadondoka nyuma ya wavu. Mwaka uleule Dodgers wakatwaa ubingwa. Mimi namsifu Moon. Hakuulalamikia uwanja wala hakuusujudia, aliusoma. Lakini mrushaji aliyepigwa vile alikuwa na haki ya kuguna.

Upepo hauna mwenyeji

Ukuta angalau hauhami kati ya asubuhi na jioni. Upepo huhama. Aliyewahi kupanda baiskeli kinyume cha upepo anajua kwamba hewa si kitu bure. Ina nguvu ya kusukuma. Mpira wa besiboli huondoka penye gongo kwa mwendo wa kilometa 160 kwa saa na zaidi, na hewa huupinga toka mita ya kwanza. Mahali pasipo hewa kabisa mpira uleule ungekwenda mara moja na nusu ya mbali, hata kuzidi. Basi upepo mdogo wa kilometa 8 kwa saa, ambao hauwezi hata kuangusha kofia, ukivuma nyuma ya mpira uliopigwa juu huuongezea mita 5 hivi; ukivuma usoni mwake huupunguzia kadiri hiyohiyo, au zaidi kidogo. Na mita 5 ndiyo tofauti ya mkono wa mlinzi na kiti cha mtazamaji.

Huko Chicago, uwanja wa Wrigley Field, uliojengwa mwaka 1914, uko karibu na ziwa kubwa la Michigan. Majira ya baridi yanapokwisha na mchezo kuanza, upepo baridi hutoka ziwani ukaingia uwanjani, na mipira hufa angani. Kiangazi kikifika, upepo wa kusini-magharibi huvuma kuelekea nje, na warushaji hutazama bendera za uwanjani kabla hawajavaa viatu. Tarehe 17 Mei 1979 upepo wa kwenda nje ulivuma kwa nguvu. Wenyeji, timu ya Cubs, walikuwa wakicheza na Phillies wa Philadelphia. Zamu ya kwanza tu ikaisha 7 kwa 6. Katika zamu ya tano Phillies walikuwa wameongoza 21 kwa 9, na mtu mwenye akili angekwenda nyumbani. Lakini Cubs wakapiga, wakapiga, mpaka wakasawazisha 22 kwa 22. Dave Kingman wa Cubs peke yake alipata homurani 3. Siku ile homurani zote pamoja zilikuwa 11. Ya mwisho aliipiga Mike Schmidt wa Phillies katika zamu ya kumi, na Philadelphia wakashinda 23 kwa 22.

Lishikeni jina la Schmidt, maana miaka mitano kabla yake mtu huyuhuyu alikuwa ameonja kinyume chake. Watu wa Houston, katika jimbo la Texas, walichoshwa na joto, mvua na mbu, wakajenga uwanja wenye paa, uliofunguliwa mwaka 1965. Humo hakuna upepo wala mvua. Walifikiri wamemaliza mambo ya hewa. Kwanza jua lililopita katika vioo vya paa likawatia walinzi upofu, wasiuone mpira ulioruka juu; wakavipaka vioo rangi, majani yakakosa jua yakafa; mwaka 1966 wakatandika majani ya bandia. Kisha, tarehe 10 Juni 1974, Schmidt akapiga mpira mkubwa sana kuelekea katikati. Juu kule, mita 35 na zaidi kutoka chini, kulikuwa kumetundikwa kipaza sauti. Mpira ukakigonga, ukaanguka uwanjani wima kama embe. Sheria ya uwanja ule ilisema mchezo unaendelea. Schmidt, ambaye labda alikuwa amepiga mpira wa mbali kuliko wote wa maisha yake, akapewa kituo kimoja tu.

San Francisco nako walifunguliwa uwanja mwaka 1960, Candlestick Park, kando ya ghuba ya bahari. Upepo wa alasiri ulikuwa mkali hata vumbi na makaratasi yalizunguka uwanjani pamoja na mipira. Tarehe 11 Julai 1961, katika mchezo wa wateule wa ligi zote mbili, mrushaji Stu Miller, mtu mwembamba, alikuwa amejiweka tayari kurusha, pepo likamyumbisha. Mwamuzi akasema amevunja sheria, kwa kuwa mrushaji akiisha kujiweka tayari haruhusiwi kujitikisa kwa hila. Hila gani? Magazeti yakaandika kwamba Miller amepeperushwa toka mahali pake. Willie Mays, yule aliyeudaka mpira wa Wertz, alicheza huko miaka mingi baada ya timu yake kuhama New York, na upepo wa ghuba ulimrudishia uwanjani mipira ambayo kwingine ingekuwa homurani. Aliyemnyima Wertz kwa uwanja mpana akanyimwa naye kwa upepo.

Hewa nyembamba ya mlimani

Mpaka hapa tumesema habari ya vitu vinavyoonekana au kusikika: ukuta, wavu, upepo. Kuna kingine kisichoonekana, nacho ni uzito wa hewa yenyewe. Hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa baridi, kwa hiyo mpira hukuta upinzani mdogo. Wataalamu hukadiria kwamba kila joto linapoongezeka nyuzi 10 za Selsiasi, mpira mkubwa uliopigwa juu huongeza kadiri ya mita 2. Ni kidogo, lakini huhesabika. Mwaka 2023 wachunguzi wa chuo kikuu cha Dartmouth walitoa hesabu yao kwamba homurani zaidi ya 500 zilizopigwa tangu mwaka 2010 zimetokana na kupanda kwa joto la dunia. Hata hivyo hiyo ni kama moja katika mia, wala mpigaji asijisingizie joto.

Juu ya unyevu watu wengi hukosea. Wachezaji husema, siku ya mawingu na jasho, kwamba hewa ni nzito na mpira hauruki. Sivyo. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, na hewa iliyojaa mvuke ni nyepesi kidogo. Kinacholemewa na unyevu ni mpira, si hewa. Na hilo tutalirudia hivi karibuni.

Lakini hakuna kinachoipunguza hewa kama mlima. Mji wa Denver, katika jimbo la Colorado, uko mita 1,600 juu ya bahari. Katika uwanja wake, Coors Field, kuna mstari mmoja wa viti vya rangi ya zambarau kuonyesha kimo hicho barabara. Wasomaji wetu wa kando ya Ziwa Kivu wasishangae, maana wao nao wanaishi juu namna hiyo: maji ya ziwa lao yako kadiri ya mita 1,460. Kwa kimo cha Denver hewa imepungua karibu sehemu moja kwa tano ikilinganishwa na hewa ya pwani. Mpira ambao pwani ungekwenda mita 122, Denver huongeza mita 6 hivi. Ungeongeza zaidi, ila hewa ina kazi mbili. Huupinga mpira, kweli. Lakini pia mpira unaozunguka huku ukiruka hubebwa na hewa, na hewa ikiwa haba huubeba kidogo.

Jambo hilo la kuzunguka humtesa mrushaji kuliko mpigaji anavyofurahi. Silaha ya mrushaji ni mpira unaokwenda kama umenyoka, halafu ukapinda karibu na kibao. Kinachoupinda ni hewa. Hewa ikipungua, kupinda kunapungua, na mpigaji huuona mpira unakuja sawasawa kama mkate mezani. Zaidi ya hayo, waliojenga Coors Field, uwanja uliofunguliwa mwaka 1995, waliogopa homurani nyingi wakazisogeza kuta mbali: mita 106 kushoto, mita 126 na nusu katikati. Ni busara, sivyo? Lakini uwanja mpana una nafasi nyingi baina ya walinzi watatu, na mipira ambayo haikufika ukutani ikaanguka penye nafasi hizo. Walipoziba tundu moja walifungua lingine. Mwaka 1999, katika michezo 81 iliyochezwa pale, homurani 303 zilipigwa, na hakuna uwanja uliowahi kuona nyingi kama hizo kwa mwaka mmoja.

Dawa haikutoka kwa profesa. Ilitoka kwa fundi wa umeme wa uwanja. Fundi huyo alikwenda kuwinda, viatu vyake vya ngozi vikalowa, kisha vikakauka na kumbana miguu. Akafikiri: mpira wetu nao ni wa ngozi, na hewa ya Denver ni kavu, je, si yamkini mipira inakauka vivyo hivyo ghalani? Yeyote aliyeona wapiga ngoma wakiiota ngoma yao motoni ili ngozi ikaze na kulia vizuri ataelewa mara moja. Mpira uliokauka huwa mgumu na mwepesi, hudunda kwa nguvu penye gongo, tena huteleza mkononi mwa mrushaji. Basi tangu mwaka 2002 mipira ya Denver huwekwa katika chumba maalum chenye unyevu wa nusu na joto la nyuzi 21, mpaka saa ya kuchezwa. Homurani zikapungua kadiri ya robo. Mlima haukushuka hata mita moja. Ni mpira tu uliotunzwa. Na tangu mwaka 2022 viwanja vyote 30 vya ligi kuu vina chumba cha namna hiyo.

Mwenye kutaka kuona hewa ya mlima inavyofanya kazi atazame Mexico, mji ulio juu zaidi kuliko Denver, kadiri ya mita 2,240. Tarehe 29 Aprili 2023 Padres wa San Diego walicheza huko na Giants wa San Francisco. Hesabu: 16 kwa 11, na homurani 11 kwa siku moja, sawa na ile siku ya upepo ya Chicago.

Jinsi ya kumhukumu mtu

Labda msomaji atasema: haya ni mambo ya mchezo, yana uzito gani? Yana uzito kwa mtu ambaye kazi yake yote imeandikwa kwa tarakimu, na tarakimu hizo zinasemekana ni za uwanja wala si zake.

Larry Walker, mzaliwa wa Kanada, alijiunga na timu ya Rockies ya Denver mwaka 1995, mwaka uleule Coors Field ulipofunguliwa, akakaa mpaka 2004. Alikuwa mlinzi hodari, mwepesi wa kukimbia, mwenye mkono wa kutupa mbali. Na kupiga? Wapigaji hupimwa kwa hesabu ya kila mara 1,000. Anayefaulu mara 300 huhesabiwa kuwa bora. Walker katika maisha yake yote alifaulu mara 313. Lakini katika uwanja wa Denver alifaulu mara 381! Hapo ndipo mashtaka yalipoanzia. Alipoacha kucheza, na waandishi wa magazeti wenye kura wakaulizwa kama anastahili kuingia katika Nyumba ya Mashujaa huko Cooperstown, wengi walijibu: si yeye, ni hewa. Sheria inataka kura 75 katika mia, na mtu hupewa miaka kumi tu ya kungoja. Mwaka 2011 alipata 20 katika mia. Mwaka 2014 akashuka hata 10.

Ni vigumu kuwalaumu kabisa hao waandishi. Tofauti ya 381 na 313 si hadithi. Lakini kusema kwamba uwanja unasaidia si sawa na kusema kwamba uwanja ndio unaopiga, na wengi walisimama katika neno la kwanza wasiendelee. Kuna njia ya kupima. Hesabu pointi zote zilizopatikana katika uwanja wa timu, zake na za wageni wake pia, kisha hesabu pointi zilizopatikana katika michezo ya timu hiyohiyo ikiwa ugenini, linganisha. Kwa kuwa wachezaji wa timu ile ni walewale, tofauti inayobaki ni ya uwanja. Hapo unaweza kumpunguzia mtu wa Denver kiasi kinachompasa, na kumwongezea mtu wa mahali ambapo ukuta ni wa mbali au upepo ni mbaya, bila kumnyima mmoja wao kilicho chake. Walioifanya kazi hiyo kwa Walker walimkuta bado ni miongoni mwa wakubwa wa wakati wake.

Tena kulikuwa na ushahidi rahisi, usiohitaji hesabu hata kidogo. Mwaka 1997, mwaka aliochaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi, Walker alipiga homurani 49. Kati ya hizo, 20 alizipiga Denver. Zile 29 nyingine alizipiga ugenini, kwenye hewa ya kawaida, mbele ya kuta za watu wengine.

Polepole waandishi wakaanza kusoma hesabu hizo. Mwaka 2018 kura zake zikafika 34 katika mia, mwaka 2019 zikafika 54. Ukabaki mwaka mmoja, wa mwisho. Asubuhi ya siku ya kutangazwa, tarehe 21 Januari 2020, Walker mwenyewe aliwaandikia watu waliompenda kwamba anadhani kura zitapungua kidogo, akawashukuru. Jioni simu ikalia. Zilitakiwa kura 298; alikuwa amepata 304.

Sherehe ilicheleweshwa na ugonjwa uliokuwa ukienea duniani, ikafanyika Cooperstown tarehe 8 Septemba 2021. Katika bamba la shaba lililotundikwa pale ukutani, kofia iliyo kichwani mwa Walker ni ya Denver.